Maji Yaliyowaka Bluu

Itebero, 4 Machi 2024

Shemeji Lévi,

Sanduku lako limefika, na limefika zima. Pikipiki ya Mama Kavira, yule msafirishaji wa mizigo, ililileta mpaka pale barabara inapogeuka tope, halafu mama mmoja aliyekuwa anarudi na chumvi akalibeba kichwani hadi mlangoni kwangu. Alikataa kulitua njiani akidhani ni mabaki ya mtu. Nilipolifungua nikacheka peke yangu. Mdogo wangu Fifi aliniambia mume wake anatengeneza mashine ya maabara, na mimi nikatarajia mashine. Kumbe ni kopo la biskuti! Limepakwa rangi nyeusi ndani na nje, juu lina tundu la kuingizia chupa, na pembeni lina mshale kama ule wa redio ya marehemu baba.

Usikasirike, nimesoma maelezo yako mara tatu. Ngoja niyarudie ili unisahihishe. Nachota maji ya chemchemi kwenye kichupa, natia chembe za ule unga wa kupimia uliopewa na rafiki yako wa maabara, kisha nakiweka kichupa mahali penye joto la mwili mpaka kesho yake. Kama maji yana vijidudu vya chooni, vinaula unga ule na kuacha kitu kinachowaka bluu chini ya taa ile ambayo wafanyabiashara wanakagulia dola. Jicho la sanduku linaona ule mwanga, mshale unapanda. Ukipita mstari mwekundu, maji ni machafu. Nimekosea?

Joto la mwili nimeshalipatia ufumbuzi. Umeme sina, lakini kina mama ninao. Kila mmoja atafunga kichupa chake tumboni kwa kitenge, chini ya nguo, alale nacho. Tumbo lililolea watoto halitashindwa na kichupa.

Nakuambia pia kwa nini nina haraka. Mvua iliyopita nilizika watoto hapa, shemeji. Kuhara tu. Mtoto anakuja asubuhi akiwa na macho ya kawaida, jioni macho yameingia ndani. Tuna chemchemi mbili: ya Chini, karibu na kituo chetu cha afya, wanakochota wenyeji, na ya Juu, ambako watu waliokimbia vita kutoka vilima vyenu vya Masisi wamejenga vibanda vya shitingi, yale maturubai ya msaada. Mama yao ni Nyiramana, mjane anayesema na kila mtu kwa upole hata anapotukanwa. Sitaki mvua nyingine inikute bila kujua ni maji gani yanayotuua.

Msalimie Fifi. Mwambie amnyime mume wake biskuti, amekwisha kula za kutosha.

Shemeji yako,
Anastasie


Kingi, 18 Machi 2024

Shemeji Anastasie, mama wa vichupa,

Cheka tu. Kopo la biskuti halipitishi mwanga, haliozi, na likivunjika linapatikana kwenye duka lolote. Mashine yenyewe, ile inayouzwa na wazungu, ingetulazimu kuuza ng'ombe wote wa Kingi, na ikifika kwenu unyevu wa msitu ungeiua kabla ya kuwashwa. Hii yangu taa yake umeitaja. Jicho nimelitoa kwenye mashine ndogo ya kupiga hesabu inayotumia jua. Karatasi ya manjano unayoiona mbele ya jicho ni ganda la pipi. Linazuia mwanga wa taa na kuruhusu ule wa maji tu. Ganda la pipi, shemeji! Nilijaribu vitu vya kila aina kabla ya mtoto wa jirani kutupa takataka yake uani kwangu.

Maelezo umeyaelewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wa fizikia. Naongeza machache. Vichupa viwe safi kabisa, waambie kina mama hivyo, safi kama kikombe cha misa. Kifuniko kikae juu wakati wa kusoma mshale. Na mshale ukipita mstari, usingoje jibu langu, maana barua zetu zinatembea kama konokono tangu rezo ya simu ilipokatika. Mwambie kapita, mkuu wenu wa kijiji, siku hiyo hiyo. Maji hayangoji. Sanduku halina jirani wala shemeji, halidanganyi.

Kuna wageni wa shirika moja watafika hapa mwezi wa tano. Wameambiwa kuna mwalimu anayetengeneza vipimo vya bei ya chini. Nikiwaonyesha matokeo ya kweli kutoka Itebero, huenda wakataka masanduku ya zahanati zote, na mimi nitapata kazi ya kuyatengeneza. Basi uniandikie upesi.

Wazo la kitenge ni zuri. Ningekuwa na cheo ningekupa shahada.

Wako,
Lévi


Itebero, 7 Aprili 2024

Shemeji,

Tumepima. Namshukuru Mungu kwa ajili yako, na hapo hapo moyo wangu ni mzito. Soma mpaka mwisho ndipo ufurahi.

Vichupa vya chemchemi ya Chini niliviacha nyumbani kwa kapita Guylain, kwa mke wake Claudette, akavigawe kwa majirani. Vya Juu nikampa Mama Nyiramana. Kesho yake vyote vikarudi. Vya Chini, mshale haukutikisika, kana kwamba sikuweka kitu. Vya Juu, kila kimoja, mshale ulipanda ukapita mstari mwekundu na kukaa huko. Nilichungulia kwa tundu: maji yanawaka bluu, mazuri ajabu. Nilisahau kidogo kwamba ule ni uchafu.

Kilichoniuma ni jinsi wale mama wa Juu walivyojitahidi. Walikuja kwa mstari, wamevaa vitenge vyao vya kanisani, kila mmoja akafungua kichupa tumboni kama anayetoa yai chini ya kuku. Nyiramana akaniambia:

"Muganga, hii chupa yote tulioshaka na sabuni ya unga, mara mbili. Na hatukusuuza sana, ili usikie harufu ya sabuni. Hapa banasema sisi badeplase, ba kukimbia vita, tuko bachafu. Chupa haiwezi kutoka mu nyumba yangu na aibu."

Kweli vilinukia. Chumba changu kizima kilinukia nguo za Jumapili.

Nilifanya ulivyoniagiza, nikamwambia kapita siku hiyo hiyo. Nilidhani atatuma vijana wachimbe choo mbali na chemchemi. Yeye akasimama sokoni na kusema: "Nilisemaka tangu mwanzo. Bale bantu banaharibu maji, na hii maji inashuka kwetu. Sasa hata mashine imesema." Amewapa mpaka Pentekoste wawe wameondoka. Na waende wapi, Lévi? Walikotoka kuna risasi.

Sasa nakuuliza jambo. Watoto wanaoletwa kwangu na kuhara karibu wote ni wa huku Chini. Wa Juu siwaoni. Nimejiambia labda mama zao wanaona haya kuja. Lakini jambo hili halinitoki kichwani. Je, sanduku linaweza kukosea? Kuuliza si ujinga. Nijibu kwa chombo cha kwanza kinachokuja huku.

Anastasie


Kingi, 21 Aprili 2024

Shemeji,

Barua yako niliipokea kwa furaha, na nimejitahidi ile furaha isiniishe nilipofika chini.

Unauliza kama sanduku linaweza kukosea. Linaweza, kifuniko kikiachwa wazi na jua likaingia. Linaweza, mtu akichanganya vichupa vya huku na vya kule. Je, ulifunika? Uliviandika alama? Mimi nimelipima hapa tangu mwaka jana. Maji ya birika la ng'ombe yanawaka. Maji yaliyochemshwa hayawaki. Maji ya mtoni yanawaka kidogo, baada ya mvua yanawaka sana. Sijaona hata mara moja likisema uongo.

Kuhusu watoto, wewe mwenyewe umetoa sababu: mama zao wanaona haya. Tena maji ya Juu si yanashuka Chini? Basi uchafu unaanzia Juu na kuugua kunaonekana Chini. Nakuomba usilivunje jambo kwa huruma. Mimi nilipima maji, sikupima watu. Kapita akifukuza watu, hiyo ni kazi ya kapita.

Matokeo yako nimeyanakili vizuri kwa ajili ya wageni. Wanakuja wiki ya pili ya Mei. Usiniandikie jambo la kunitia mashaka sasa hivi, shemeji, isipokuwa una uhakika.

Lévi

Dada, ni mimi Fifi, naongeza kwa siri kabla hajaifunga bahasha. Usimkasirikie. Shule imefungwa tangu mapigano ya Januari, wala hakukuambia, wala hataki nikuambie. Anakaa na lile kopo tangu asubuhi. Wageni wakilikubali tutapumua. Wakilikataa sijui atashika nini. Barua yako aliisoma, akaikunja, akaisoma tena, halafu akanigombeza kwa sababu ya chumvi. Mimi namjua. Akiogopa kitu njo anakuwa mukali hivi. Nakukumbuka sana.


Itebero, 5 Mei 2024

Kwa Lévi,

Kifuniko kilikuwa juu. Vichupa vilikuwa na alama, nimeziandika kwa mkono wangu. Nimefanya kazi hii tangu wewe ukiwa unavaa kaptura, kwa hiyo tusirudi tena huko.

Unasema ulipima maji, hukupima watu. Ngoja nikuambie watu wanaendeleaje. Akufukuzaye hakwambii toka. Kwenye mashine ya kusaga, mama wa Juu akifika anaambiwa foleni imejaa, na hakuna foleni. Kanisani wanabaki na benchi lao peke yao. Juzi watoto wa huku waliwarushia maganda ya mihogo watoto wa kule, wakiimba kwamba wana mwanga tumboni. Nilitoka na fimbo. Nilipiga hewa tu, maana walikuwa wameshakimbia, lakini nilikuwa nalia.

Nyiramana alikuja kwangu wiki iliyopita. Hakukaa kwenye kiti. Alikunja mkono wa nguo na kunyoosha mkono mbele ya sanduku lako.

"Muganga, unipime miye. Kama uchafu iko ndani yangu, tuione leo. Kama haiko, uende useme mbele ya bantu."

Nilimwambia sanduku halipimi mtu. Akaniuliza: "Basi juu ya nini ni bantu njo banafukuzwa?"

Nimeona aibu nyingi katika kazi hii, lakini ile ya siku hiyo imenilaza chini. Nilichukua kikombe nikaenda naye kwenye chemchemi yao, nikanywa mbele yao wote. Nimekunywa kila siku tangu siku hiyo, bila kuchemsha, mimi ninayewahubiria watu wachemshe. Tumbo langu limetulia kabisa.

Fifi ameniambia yanayowasibu, nami namwonea huruma kila anayeogopa kukosa chakula. Lakini na hawa wanaogopa. Wameanza kukunja shitingi. Kama kuna kitu unachokijua, au unachokishuku, kiseme. Kama huna, basi omba Mungu, maana mimi nimeshindwa.

Anastasie


Kingi, 13 Mei 2024

Shemeji Anastasie,

Acha kila kitu uende kwa kapita kwanza, halafu usome yaliyobaki. Chemchemi ya Juu haijathibitishwa kuwa chafu. Kilichowaka ni sabuni.

Barua yako ilinifikia asubuhi ya siku ya wageni. Niliisoma nikaitia mfukoni pamoja na ile ya Aprili, nikasema moyoni nitaifikiria jioni. Fifi alikuwa ameazima sabuni ya unga kwa jirani ili afue shati langu jeupe, maana sikuwa na jingine. Nikasimama mbele ya wageni, nikafungua sanduku kuwaonyesha taa, nikapitisha mkono juu yake. Mkono wa shati ukawaka. Bluu, Anastasie, bluu ile ile uliyoniandikia. Wageni wakacheka, walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mimi nikakumbuka neno lako la Aprili: chumba kizima kilinukia nguo za Jumapili. Lilikuwa mfukoni mwangu wakati ule ule. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwomba Fifi anioshee kichupa kwa sabuni ile, asisuuze sana. Nikatia maji yaliyochemshwa, bila unga wa kupimia, bila kitu. Mshale ukapita mstari mwekundu mbele ya macho ya watu wote.

Sabuni za unga zimetiwa kitu cha kuifanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Chini ya taa yetu, kitu hicho kinawaka sawasawa na vijidudu vilivyokula unga. Jicho langu la mashine ya hesabu haliwezi kuvitofautisha. Na unajua kwa nini sikuona hili mwaka mzima? Kwa sababu tangu mambo yalipokuwa magumu nyumbani, mimi huosha vichupa vyangu kwa maji ya moto peke yake. Sabuni ya unga hatukuwa nayo. Halafu nikakuandikia wewe: safi kabisa, safi kama kikombe cha misa. Wale mama walinitii. Waliviosha vichupa vya sanduku langu kwa heshima, nikawalipa kwa kuwatangaza wachafu.

Niliwaambia wageni ukweli wote, kwamba sanduku langu limewafukuzisha watu. Walikuwa wapole, wakaandika, wakanipa mikono, wakaondoka. Hawajarudi. Fifi alilipokea kopo mikononi mwangu. Alinipikia ugali, akakaa karibu nami mpaka nikaumaliza.

Sasa sikiliza. Suuza kila kichupa kwa maji yaliyochemshwa, tena na tena, mpaka pua isisikie kitu. Kisha kijaze maji yaliyochemshwa bila unga na ukisome kikiwa hivyo. Mshale ukitikisika, kichupa hicho kitupe. Ukitulia, ndipo upime. Ningeandika sharti hili tangu siku ya kwanza. Na jambo la pili: vile vya Chini, ni nani aliyevilalia? Kama havikupata joto la mwili, vijidudu havikuzaana, na mshale usingeweza kupanda hata maji yangekuwa ya chooni. Mshale uliotulia nao unahitaji shahidi. Uliza.

Nimeipeleka barua hii mwenyewe mpaka kwa Mama Kavira. Nimemwomba dereva wake asilale njiani. Ameniuliza kama kuna aliyekufa, nikamwambia bado. Waambie watu kosa ni la Lévi wa Kingi. Usilipunguze hata kidogo kwa sababu ya udugu.

Wako mwenye haya,
Lévi


Itebero, 2 Juni 2024

Shemeji Lévi,

Nakuita shemeji tena. Ile barua yangu ya mwisho niliiandika kwa hasira, na hasira yenyewe siifuti yote, ila sehemu yako umeshailipa.

Dereva wa Kavira aliingia kanisani siku ya Pentekoste katikati ya mahubiri, tope mpaka magotini, akanipa bahasha benchini. Nikasoma pale pale. Padri alinitazama, watu wakanitazama. Watu wa Juu walikuwa wameondoka siku moja kabla, kwa miguu, na vyungu na watoto, kuelekea njia ya Walikale. Benchi lao lilikuwa tupu. Nilisimama nikatoka, na viatu vyangu vya kanisani.

Mungu alikuwa ameujaza mto. Niliwakuta ng'ambo hii wakingoja maji yapungue, wamekaa juu ya mizigo. Nilianza kueleza habari ya taa, na sabuni, na unga, kama ulivyoandika. Sikufika mbali, nikayaacha. Nikasema tu kwamba tulikosea, mimi na shemeji yangu, na kwamba maji yao hayakuwa na kosa lililoonekana.

Nyiramana alikaza kamba ya mzigo wake. Halafu akaniuliza: "Kama tungekuletea chupa na uchafu, tungekuwa tungali kwetu?"

Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na namna nyingine ya kujibu. Wenzake wakaguna, mmoja akacheka vibaya. Familia kadhaa hazikutaka kurudi; mto ulipopungua zilivuka, na sijui ziko wapi leo. Hilo naomba ulijue, usije ukajifariji kupita kiasi. Wengine nikawabebea mizigo nikarudi nao. Nyiramana alitembea nyuma ya wote. Sikujua kama anarudi kwa ajili yangu au kwa ajili ya miguu ya wajukuu wake, na sikuthubutu kumwuliza.

Kapita hakupenda. Akasema mashine imesema, sasa mashine inageuka kama mwanasiasa? Nikamwambia basi tupime upya, mchana, sokoni, kila mtu aone. Na nikauliza lile swali lako: vile vichupa vya Chini vililala wapi? Mke wake Claudette akatazama pembeni. "Nilibiacha chini ya kitanda," akasema, "pa simenti. Niliona ni aibu kufunga chupa kwa tumbo kama muko na mimba ya maji." Watu wakacheka. Kapita hakucheka.

Safari hii nilisuuza mwenyewe, nikakijaribu kila kichupa kikiwa na maji yaliyochemshwa, kama ulivyoagiza. Viwili nilivitupa. Vya Chini akavifunga Claudette mwenyewe, mbele yangu. Vya Juu akavifunga Nyiramana. Kesho yake tukaweka kopo la biskuti juu ya meza ya muuza samaki. Cha Juu kikaingia: mshale ukalala. Cha Chini kikaingia, na shemeji, mshale ulipita mstari wako kama unakimbizwa. Nikaweka cha pili, cha tatu. Vyote vilipita. Choo cha soko kiko juu kidogo ya chemchemi ile, nyuma ya ghala, sote tunapita hapo kila siku. Na mimi nimekuwa nikiwapa wagonjwa wangu dawa kwa kikombe cha maji yale.

Nimelia, nimeacha. Vijana wameanza kuchimba choo kipya mbali. Nataka uniletee sanduku la pili, la kituo cha jirani, na ndani ya kifuniko uandike kwa rangi lile sharti la kukijaribu kichupa kwanza. Wageni wako wakirudi, waambie kuna muuguzi wa Itebero anayelitaka sanduku hili, akilijua na makosa yake. Wasiporudi, nitalitaka vile vile.

Chemchemi ya Chini imefungwa kwa miiba. Kwa hiyo tangu wiki iliyopita Itebero nzima inapanda Juu kuchota. Siku ya kwanza nilienda mapema, niliogopa. Watu wa Nyiramana walikuwa wameshapanga bidoni zao, madumu ya kuchotea, foleni ndefu. Wenyeji wakafika wakasimama kwa mbali, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Mwishowe akasogea Claudette, bidoni mkononi, mtoto wake wa mwisho mgongoni, bado mwembamba kwa kule kuhara. Akasimama mwisho wa foleni, macho chini.

Nyiramana alikuwa mbele kabisa, bidoni yake imeshafika nusu. Akaiondoa, akaisogeza pembeni, akamwita kwa mkono.

"Kuya, mama. Mugeni njo anachota wa kwanza."

Claudette amezaliwa hapa, na mama yake amezikwa hapa. Alipita katikati ya wale wanawake wote akaweka bidoni yake chini ya maji. Alisema asante, na hakubisha kuitwa mgeni.

Shemeji yako,
Anastasie